Lafudhi ya Jirani: Mjadala wa Tiyatri Kutoka Masisi na Walikale

*Hoja: Je, mchezaji wa tiyatri ana haki ya kuigiza mtu wa kabila lisilo lake, na kusema kwa lafudhi yake, hapa kwetu Kivu, Kongo?*

MWONGOZAJI WA KIKUNDI: Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Kenya nzima ilimjua kama Mzee Ojwang', Mjaluo. Katika Vitimbi, kwenye televisheni ya taifa, alikuwa baba mwenye makelele, mwepesi wa kujisifu na mwepesi zaidi wa kuumbuka, na Mary Khavere, yaani Mama Kayai, ndiye aliyekuwa mke wake wa kwenye kioo. Kila "sh" ya Kiswahili ilitoka kinywani mwake kama "s", na watu walikufa kwa kicheko. Alipofariki Julai 2015, Wakenya wa kila kabila walimlilia. Sasa nauliza. Kama Mkikuyu aliweza kuwa Mjaluo maisha yake yote ya kazi, katika nchi ambamo wakubwa wa makabila hayo mawili wamevutana tangu uhuru, kwa nini kijana wa Kihunde katika kikundi changu asicheze mzee wa Kihutu wa Kitshanga, na kwa lafudhi yake?

MWALIMU WA HISTORIA: Kwa sababu Masisi si Nairobi. Ndugu yangu, wewe unaijua historia hii kama mimi. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walikuwa na idara nzima ya kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, kwenye ardhi ambayo Wahunde waliihesabu kuwa yao. Machi 1993 damu ikamwagika sokoni Ntoto, huko Walikale, ikapanda mpaka Masisi yote. Watu walitambuliwa vipi? Kwa sura, kwa jina, na kwa ulimi. Mpaka leo, ukifika kwenye barieri na mwenye bunduki akakuuliza unatoka wapi, hasikilizi jibu lako. Anasikiliza kama umesema "kula" au "kura". Halafu wewe unataka kumpandisha kijana jukwaani afanye hilo hilo, watu wacheke.

MWONGOZAJI: Kenya nayo iliungua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya elfu moja, na Mkikuyu na Mjaluo walikuwa katikati ya moto ule. Ojwang' hakuungua nao. Aliendelea kupendwa.

MWALIMU: Alipendwa kwa sababu alikuwa wa kuchekesha. Na hapo ndipo swali langu linapoanza: kwa nini aliyechekwa awe Mjaluo, na aliyemvaa awe Mkikuyu? Ungependa tugeuze?

MWONGOZAJI: Katika Vitimbi hakuna aliyebaki na heshima yake. Mke, jirani, tajiri, wote walichekwa. Mzaha ukimgusa kila mtu, haumdhalilishi yeyote.

MAMA WA KAMBI: Wanangu, ngojeni kidogo. Mimi nimeishi kambini kando ya Sake, nikakimbia tena, na nimeona tiyatri nyingi, maana mashirika ya amani hayachoki kutuletea tiyatri. Nitawaambia mbili. Katika mchezo wa kwanza kulikuwa na mwizi wa mbuzi. Alipofungua mdomo tu, kabla hata mbuzi hajapotea, watu wote uwanjani walishajua mwizi ni nani, kwa sababu alisema kama sisi. Watoto wangu walinitazama. Siku iliyofuata watoto wa jirani walikuwa wakiwaita wangu "mbuzi". Mchezo wa pili, kijana mmoja alicheza mama anayebishana bei ya maharagwe. Alisema kama sisi pia. Lakini alikuwa amesikiliza! Alijua tunavyoanza kwa kuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja bei, tunavyokikaza kitenge kiunoni tunapokasirika, tunavyoondoka hatua tatu halafu tunarudi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikuuliza kabila lake, na nilipoambiwa baadaye sikujali.

MWONGOZAJI: Mnaona? Mama amenimalizia kazi.

MAMA WA KAMBI: Sijakumalizia. Nimesema michezo miwili. Wewe umesikia mmoja.

MWALIMU: Mama amegusa jambo lenyewe. Tazameni Marekani, miaka ya 1930 mpaka 1950, wakati studio za Hollywood zilipokuwa na jeshi zima la wachezaji wasio nyota: wale wanaoitwa kucheza mpishi, mlevi, mzee wa kijiji, mgeni. Mmoja wao aliitwa J. Carrol Naish. Alizaliwa New York 1896, wazazi wake wakiwa wa asili ya Ireland. Mtu huyu alicheza Mwitalia, Mmeksiko, Mhindi, Mjapani, akacheza Sitting Bull, chifu wa Wenyeji wa Marekani, na 1957 televisheni ikamfanya mpelelezi wa Kichina, Charlie Chan. Mwairishi alimcheza mara chache sana. Ni kazi ya kushangaza, sikatai, na mara mbili alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Lakini wakati huo huo kulikuwa na Anna May Wong, binti wa familia ya Kichina, mzaliwa wa Los Angeles, tayari maarufu. Filamu ya The Good Earth ilipotengenezwa, yenye hadithi ya wakulima wa China, nafasi ya mke wa mkulima hakupewa. Alipewa Luise Rainer, Mzungu, na akashinda Oscar. Kwa hiyo mtu mmoja anavaa ngozi za dunia nzima, na mwenye ngozi anasimama nje ya mlango. Ukinitajia Ojwang', ninakutajia Wong.

MWONGOZAJI: Na mimi nakutajia tena Naish, huyo huyo. Pendekezo lake la kwanza lilitokana na filamu Sahara ya 1943, alipocheza mfungwa wa Kiitalia katikati ya vita, wakati Italia ilikuwa adui. Angeweza kuonyesha mnyama. Akaonyesha binadamu. Na katika filamu hiyo hiyo kuna sajini Msudani, mtu mwenye heshima kuliko karibu wote waliomo, na aliyemcheza ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi. Si Msudani hata kidogo. Kwa kanuni yako, Mwalimu, na yeye tungemfukuza. Tungebaki na nini? Kila mtu acheze kijiji chake, familia yake, mwishowe ajicheze mwenyewe mbele ya kioo.

MWALIMU: Sijasema hivyo.

MWONGOZAJI: Umekaribia. Basi tuje nyumbani. Unajua filamu King Solomon's Mines, ile ya 1950? Katika toleo la 1937 nafasi ya Umbopa, mfalme aliyejificha kama mpagazi, aliicheza Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti ya radi. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ikaja huku kwetu yenyewe. Ilipiga picha Kenya, Tanganyika, Uganda, Astrida huko Ruanda-Urundi, Stanleyville, na katika nchi ya volkano ya Kongo, milima hii ambayo ukiwa Sake unaiona ikitoa moshi. Na safari hii Umbopa alichezwa na mtu wa hapa hapa, Mtutsi. Kwenye filamu jina lake limeandikwa Siriaque. Jina moja tu, na pembeni yake kabila lake, kama alama kwenye gunia la kahawa. Nyota wake, Stewart Granger na Deborah Kerr, waliandikwa majina mawili mawili, na hakuna aliyeandika makabila yao. Filamu ikashinda Oscar mbili, ya upigaji picha na ya uhariri. Miaka tisa baadaye MGM ikachukua picha zile zile ikazibandika katika filamu nyingine, Watusi. Nyuso za watu wetu zilifanya kazi mara ya pili. Sasa niambie: huyu alikuwa kabila sahihi, lafudhi sahihi, urefu sahihi. Alifaidika nini? Baada ya nafasi ile kubwa yuko wapi kwenye filamu nyingine? Wewe unadai damu sahihi, Mwalimu. Hollywood ilikupa damu sahihi mwaka 1950, na bado hadithi ilikuwa ya kwao.

MWALIMU: Hilo nalikubali, na linaniumiza. Nyakati zile sheria ya Wabelgiji ilitenga hata filamu za kutazamwa na Wazungu na za kutazamwa na Waafrika. Mtu aliweza kuonyeshwa duniani kote katika filamu ambayo kijiji chake kisingeruhusiwa kuiona. Lakini umeona ulipofika? Umesema tatizo ni anayeshika kalamu na kamera. Haya. Katika kikundi chenu kalamu anaishika nani? Michezo sita niliyoiona, yote umeandika wewe, na wewe ni Mhunde.

MWONGOZAJI: Naandika kwa sababu naweza kuandika.

MWALIMU: MGM nayo ingejibu hivyo.

MPIGA NGOMA: Naomba nafasi.

MAMA WA KAMBI: Sema, baba. Umekaa kimya tangu tumeanza.

MPIGA NGOMA: Mnakwenda Nairobi, mnakwenda Marekani. Walikale ni hapa. Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, alimsikiliza mzee wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke akitoa hadithi ya shujaa Mwindo. Ilichukua siku 12. Baadaye Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto wa huku, waliitoa kwa kitabu, 1969, na sasa inasomwa kwenye vyuo vikuu vya nchi nyingi. Lakini kitabu hakimwonyeshi Rureke vizuri. Mtu yule alikuwa tiyatri nzima peke yake. Alisimulia, akaimba, akacheza ngoma, akaigiza kwa mwili, mkononi ana kibuyu cha kutikisa na mgwisho, kama Mwindo mwenyewe na mgwisho wake uitwao conga. Vijana wanampigia, watu wanaitikia, wanampa zawadi katikati ya mchezo. Sasa hivi ni Shemwindo, chifu wa Tubondo anayetaka kumwua mwanawe. Mara ni Iyangura, shangazi. Mara ni Mukiti, nyoka wa majini. Mara ni Nkuba, radi.

MWONGOZAJI: Mwanamume anacheza shangazi, anacheza nyoka, anacheza radi, na hakuna aliyemwambia, "Wewe si radi, teremka!" Hiyo ndiyo sanaa ya Walikale, Mwalimu. Siyo mimi niliyeileta kutoka Nairobi.

MWALIMU: Radi haina watoto shuleni watakaochekwa kesho yake.

MPIGA NGOMA: Sijamaliza. Wanyanga wenyewe husema hadithi hizi walizipata kwa watu wa msituni. Yaani kwetu. Kwa Watwa. Mimi ni Mtwa. Rureke alikuwa bwana mkubwa wa kazi yake, na nikisikia Mwindo nafurahi, sina ugomvi naye. Nasema tu kwamba hata tiyatri mnayojivunia ilianzia kwenye moto wa babu zetu, ikavaliwa na wengine, ikaandikwa na wengine, na jina lililobaki kwenye kitabu si letu. Sasa nije kwenye kikundi hiki. Mimi nimepiga ngoma hapa tangu kilipoanza. Kila mchezo ukiwa na Mtwa, mnafanyaje?

MWONGOZAJI: Ndugu yangu...

MPIGA NGOMA: Mnachukua kijana mrefu, mnamfunga majani makavu ya migomba magotini yasije yakachubuka, anapiga magoti na kutembea hivyo. Anajikuna. Anaomba chumvi. Anaitwa, anakimbia kwa magoti, watu wanaanguka kwa kicheko. Na ngoma ya kicheko hicho naipiga mimi. Ni mimi niliyemwonyesha yule kijana namna ya kuyafunga majani, kwa sababu yale ya kwanza yalimfunguka katikati ya mchezo.

MWONGOZAJI: Sikuwa na Mtwa wa kumpa nafasi ile. Nilitafuta.

MPIGA NGOMA: Nilikuwa hatua mbili nyuma yako.

MWALIMU: Na sheria ipo. Tangu Julai 2022 Kongo ina sheria ya kulinda haki za Watwa na Wambuti.

MPIGA NGOMA: Sheria imesainiwa Kinshasa. Majani yanafungwa hapa.

MAMA WA KAMBI: Mimi nataka kuuliza jambo ambalo hamjaligusa. Bahasha. Shirika likileta mchezo kambini, wachezaji wanapewa bahasha. Mtwa anayechezwa, na mimi ninayechezwa, tunapata nini? Nimesikia kuhusu huyo Ojwang' wenu: kazi ya miaka yote ile, na macho yalipomharibikia Wakenya wakamchangia pesa za matibabu.

MWONGOZAJI: Ni kweli. Na Mzee Majuto wa Tanga, aliyeanza jukwaani 1958 akiwa mtoto wa miaka tisa, akachekesha Tanzania nzima mpaka alipofariki Agosti 2018, mwaka huo wa mwisho watu walikuwa wakiulizana mikataba yake ilimpa nini. Hawa wa nafasi za pembeni ndio wanaoibeba filamu, halafu ndio wanaoachwa. Kwa hiyo Mama, usifikiri anayekucheza ametajirika. Kijana wa maharagwe alirudi nyumbani na dola chache.

MAMA WA KAMBI: Chache si sifuri.

MWALIMU: Nina pendekezo, na si langu. Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya. Waandishi wake walibuni vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, wakaweka humo chuki, uchochezi, mauaji, mapenzi, kila kitu, bila kutaja kabila hata moja. Watu wanaelewa. Hakuna anayekwenda nyumbani na lafudhi ya jirani ya kumtania. Tufanye hivyo. Tubuni vijiji vyetu. Wachezaji wote waseme Kiswahili cha kawaida cha Kivu, na mwizi wa mbuzi awe mwizi wa mbuzi tu.

MAMA WA KAMBI: Halafu mimi nitakuwa wapi? Katika kijiji cha kubuni sitajiona. Mwalimu, ninyi mnaniogopea sana mpaka mnanifuta. Nimenyamaza kwenye barieri, nimenyamaza sokoni, nimewafundisha wanangu kusema maneno fulani kwa sauti ya chini. Sasa hata kwenye tiyatri ninyamaze? Yule kijana wa maharagwe alikuwa mtu wa kwanza, tangu nimekimbia, kunisemesha mbele za watu kwa ulimi wangu na watu wakanipenda.

MWALIMU: Mama, yule alikuwa na kipaji na roho njema. Siwezi kuandika kanuni kwa ajili ya mtu mwenye roho njema. Kanuni inaandikwa kwa ajili ya yule wa mbuzi.

MWONGOZAJI: Na ukiiandika kwa ajili ya yule wa mbuzi, utamwua huyu wa maharagwe.

MAMA WA KAMBI: Basi msiandike kanuni. Mnaponicheza, niiteni kwenye mazoezi kabla ya siku yenyewe. Nikae mbele. Nikikataa neno, litoke.

MWONGOZAJI: Mama, hapo unanifungia kalamu. Kila kabila likileta mkaguzi wake, hakuna mchezo utakaokuwa na mtu mbaya. Wote watakuwa malaika, na tiyatri ya malaika hakuna anayetoka nyumbani kuitazama. Mwizi lazima atoke mahali fulani.

MAMA WA KAMBI: Atoke kwenu safari hii.

MWONGOZAJI: Hilo nalikubali. Mwizi ni Mhunde mchezo ujao, nitamcheza mwenyewe. Na wewe ndugu yangu mpiga ngoma, nakupa nafasi ya Mtwa. Bila magoti, bila majani. Utasema unavyotaka wewe.

MPIGA NGOMA: Siitaki.

MWONGOZAJI: Umelalamika sasa hivi!

MPIGA NGOMA: Mtwa namcheza kila siku, nikienda kuomba kazi kwenye shamba la mtu. Nataka nafasi ya chifu. Yule mwenye kiti na kofia, anayekata kesi ya ardhi katika sehemu ya pili. Ninyi mmenivaa miaka yote. Nami nataka kuvaa.

MWALIMU: Ngoja. Sasa na mimi naogopa, na sioni haya kusema. Watu watamwona Mtwa amekalia kiti cha mwami, chifu wa jadi, anahukumu kesi ya ardhi, mahali ambapo ardhi ndiyo iliyoua. Wazee watasimama katikati ya mchezo. Usiku ule atarudije nyumbani?

MWONGOZAJI: Dakika chache zilizopita, Mwalimu, ulikuwa unatetea wanaoachwa nje ya mlango. Huyu amebisha hodi.

MWALIMU: Na nilisema jukwaa letu linasikilizwa na wenye bunduki. Maneno yote mawili ni yangu, na sijaondoa hata moja. Wong alikosa nafasi, lakini hakuna aliyemngojea njiani na panga.

MPIGA NGOMA: Mwalimu, mimi nangojewa njiani hata nikibeba kuni. Hofu yako naishukuru. Lakini ukiniondoa kwenye kiti kwa ajili ya usalama wangu, utanirudisha wapi? Kwenye ngoma. Na kijana mrefu atarudi magotini.

MAMA WA KAMBI: Chifu huyo atasema kwa lafudhi gani? Ya mwami, au yako?

MPIGA NGOMA: Ya mwami. Nimewapigia ngoma wami wawili, nimewasikiliza kuliko mnavyodhani. Najua wanavyokohoa kabla ya kukataa jambo.

MWONGOZAJI: Naomba mazoezi matatu kabla sijajibu.

MPIGA NGOMA: Yule wa magotini ulimpa mangapi?

MWONGOZAJI: Moja.

MPIGA NGOMA: Nipe moja.

MWALIMU: Mimi nitapinga mbele ya kamati. Nataka ijulikane tangu leo.

MAMA WA KAMBI: Pinga, mwanangu. Lakini njoo na kiti chako, maana mimi nitakuwa nimekaa mbele.